Kazi nzito, mshahara mnene: dada zangu, mnaridhika kweli au mnajikaza tu?

NusuKaputi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Jana nilikaa kwenye usaili wa madaktari vijana wanaoomba kusomea ubingwa. Nilikuwa upande wa wanaouliza maswali. Akaingia binti mmoja, vyeti vimenyooka, anajibu bila kubabaika. Mwenzangu pale mezani, mtu mzima anayeheshimika, akamwuliza: "Unajua hii kazi ina mikesha. Ukishaolewa utaiweza?" Kabla yake walishapita vijana wa kiume wanne, na hakuna aliyeulizwa kama akioa ataiweza. Binti alijibu vizuri tu, lakini nilimwona akivuta pumzi kwanza. Pumzi ile naijua, nimeivuta sana.

Mimi ni daktari wa usingizi, wale mnaotuita watu wa nusu kaputi. Nina miaka kumi na sita kazini. Nalipwa vizuri, sitajifanya vinginevyo wala sitataja kiasi. Na kila nikikaa na ndugu, majirani, hata wanawake wenzangu, swali ni lilelile: hivi una furaha kweli au umeshazoea tu?

Nianze na kazi yenyewe ilivyo, maana wengi mnadhani tunachoma sindano halafu tunakwenda kukaa.

Mgonjwa kalala, anatazama dari. Namwekea barakoa, avute oksijeni dakika chache ili mapafu yaweke akiba. Napiga naye soga za kawaida. Dawa inaingia mshipani, macho yanafumba na sentensi yake haijaisha. Inafuata dawa ya kulegeza misuli. Kuanzia hapo hapumui. Baba wa watu, mtu na heshima zake, hapumui, na niliyemzuia kupumua ni mimi. Namfungua kinywa kwa kile chuma chenye taa, natafuta zile nyuzi mbili nyeupe za sauti, napitisha mrija katikati. Halafu macho kwenye skrini. Hewa anayotoa inachora mstari: unapanda, unatulia juu, unashuka, kama kilima kilichokatwa kichwa. Kilima cha kwanza. Cha pili. Nasubiri vifike sita hivi, vyote vimesimama vizuri, ndipo na mimi naachia pumzi.

Miaka kumi na sita, na raha ya vile vilima haijaniisha.

Akiamka anamshukuru daktari wa upasuaji. Mimi hanikumbuki kabisa, tena kukosa kunikumbuka ni dalili kwamba nimefanya kazi sawasawa. Watu wananipa pole kwa hilo. Pole ya nini? Nimemtoa mtu, nimemrudisha, na hajui alikwenda wapi.

Lakini sikuja kujisifu. Miaka sita ya mwanzo niliichukia kazi hiihii, nikiwa na ujuzi uleule. Hospitali niliyokuwepo, ratiba ilipangwa na mtu mmoja. Inatoka Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi imeshabadilika. Ukiuliza, unaambiwa hujajitoa. Nilikuwa nalala na simu mkononi, sio chini ya mto, mkononi. Siku ya mapumziko nayo nilikuwa siipumziki, kwa sababu sikujua kama itabaki ya mapumziko.

Nikahama. Huku nilikohamia wagonjwa ni wagumu zaidi, kuna vichanga vya siku mbili na watu wa moyo. Mshahara haukupishana sana. Ila ratiba tunaipanga wenyewe mwezi mzima kabla, na zamu ikiisha namkabidhi mwenzangu mgonjwa, namsomea dawa zilizoingia na zinazosubiri, naondoka. Kazi iliongezeka uzito, mimi nikapona.

Baadaye sana nikaja kukutana na maandiko ya Robert Karasek, mtafiti wa mambo ya kazi wa Marekani. Mwaka 1979, akitumia takwimu za wafanyakazi wa Marekani na Sweden, alionyesha kwamba kazi inayommaliza mtu ni ile inayomdai mengi huku ikimnyima kauli juu ya namna ya kuifanya. Kazi inayodai mengi lakini ikakupa kauli, hiyo inakukuza. Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikakaa kimya, nikaikumbuka ile simu mkononi.

Kwa hiyo hoja yangu ndiyo hiyo. Mwanamke hachoshwi na uzito wa kazi. Anamalizwa na kazi asiyo na kauli ndani yake, iwe ya ofisini au ya nyumbani. Wenye uzoefu mtiririke, wenye matusi mpite salama.

Jabali77

Dada, uzi mzuri lakini mnajidanganya. Pesa hainunui furaha. Ofisini kwetu wakubwa wa kike wapo, wana magari, wana kila kitu, na sura zimekauka kama wanadaiwa. Furaha ya mwanamke ni familia yake. Nasimama kusahihishwa.

BiMahesabu

Jabali, na wakubwa wa kiume wa hapo ofisini sura zao zikoje? Zinameremeta? Au hizo hujawahi kuzichunguza?

Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Hilo la pesa na furaha niliseme, maana kila mtu analirusha kama methali. Mwaka 2010 Daniel Kahneman, mwanasaikolojia, na Angus Deaton, mchumi, waliandika kwamba furaha ya mtu ya siku hadi siku inapanda na kipato mpaka kama dola 75,000 kwa mwaka, halafu inasimama. Hiyo ndiyo mliyoishika wote. Mwaka 2021 mtafiti mwingine, Matthew Killingsworth, akaja na takwimu zake, akasema mbona kwangu inaendelea kupanda? Wangekuwa humu jukwaani wangetukanana. Wao walikaa pamoja, wakamwongeza Barbara Mellers awe mtu wa kati, na mwaka 2023 wakatoa jibu: kwa watu wengi furaha inaendelea kupanda na kipato. Inayosimama ni ya lile kundi dogo ambalo tayari halina furaha. Yaani huzuni nyingine pesa inaifikia mahali inaishia hapo.

Mimi pesa naipenda. Sioni sababu ya kunong'ona. Mama yangu aliposema mguu unauma, sikumwita kaka kwenye kikao. Nilimpeleka. Mwanamke aliyekulia kwenye nyumba ambayo kila kitu kinaombwa atanielewa.

Lakini NusuKaputi, umenigusa kwenye vile vilima. Na mimi ninavyo vyangu. Siku moja nakagua malipo ya kampuni fulani, nikapanga ankara za msambazaji mmoja kwa tarehe. Januari ankara namba 41. Februari 42. Machi 43. Mpaka Novemba zinafuatana kama watoto wa shule mstarini. Wakuu, msambazaji gani ana mteja mmoja tu dunia nzima? Mwili ulinisisimka. Walioziandika walikuwa wamesahau kuruka namba. Saa nne za usiku, peke yangu na makaratasi, nilicheka kwa sauti. Hiyo raha siwezi kumweleza mtu anayeniuliza kama nimeshapika.

KisuKikali

Samahani mleta uzi, sio kwa ubaya. Hivi usingizi si ndiko wanakokimbilia wanawake walioshindwa upasuaji?

NusuKaputi

Kisu, umejitambulisha vizuri kwa jina. Ngoja nikupe hadithi ya mwenzetu.

Virginia Apgar, Mmarekani, alimaliza udaktari mwaka 1933 akitaka upasuaji. Alikuwa hodari. Mkuu wake, Allen Whipple, akamshauri aache, aende kwenye usingizi. Kipindi hicho Marekani usingizi haukuwa na hadhi, kazi hiyo ilifanywa zaidi na manesi, na madaktari wa upasuaji hawakuwahesabu watu wa usingizi kama wenzao. Akaenda. Mwaka 1949 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa kamili katika chuo cha udaktari cha Columbia.

Sasa sikia. Akiwa pale kwenye vyumba vya kujifungulia, aliona mtoto akizaliwa wote wanamgeukia mama, mtoto anawekwa pembeni. Mwaka 1952 akatangaza kipimo cha mambo matano: mapigo ya moyo, upumuaji, ukakamavu wa misuli, mwitikio akiguswa, na rangi ya ngozi. Kila kimoja sifuri mpaka mbili. Mpaka leo kinatumika duniani kote, dakika ya kwanza na ya tano. Wewe mwenyewe Kisu, kama ulizaliwa hospitali, huenda tamko la kwanza la kitaalamu kuhusu maisha yako lilitoka kwenye kichwa cha mwanamke aliyeambiwa aachane na upasuaji.

Na bado akapata muda wa kuchonga vinanda vya nyuzi kwa mikono yake. Kuna kisa kwamba yeye na mwenzake waliuchukua usiku ubao wa kibanda cha simu cha hospitali, mti wake, maple, ulikuwa mzuri mno kuachwa ushikilie simu, wakaweka mwingine mahali pake. Mtu aliyechoka na maisha haibi ubao.

MwanasheriaMtoro

Nimesoma yote. NusuKaputi, naomba nikupinge kidogo, na naongea kama mtu aliyetoka.

Wewe umesema "nikahama, nikapona", kana kwamba kauli ni kitu unachokwenda kukichukua kabatini. Una bahati kazi yako inakabidhika. Mgonjwa amelala, hajali nani anamshikia mfuko wa hewa saa kumi jioni. Mimi nilikuwa wakili wa mikataba ya kampuni kununuana. Mteja wangu hataki wakili, anamtaka mimi. Anapiga saa saba usiku kwa sababu ameota kifungu. Nikisema nina mwenzangu anayelijua faili, anaona ametupwa.

Claudia Goldin, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2023, mwanamke wa kwanza kuipata peke yake bila kugawana na mwanamume, ndiye aliyenifumbua macho. Kazi kama hiyo yangu anaziita kazi zenye uroho. Ukifanya saa mara mbili hulipwi mara mbili, unalipwa zaidi ya hapo, ilimradi uwe unapatikana muda wowote. Yeye na Marianne Bertrand na Lawrence Katz waliwafuatilia wahitimu wa shahada ya biashara wa Chuo Kikuu cha Chicago. Wanawake na wanaume walianza kazi wakilipwa karibu sawa. Baada ya miaka kumi na kitu pengo limefunguka, na sehemu kubwa ya sababu ni kusimama kazi kwa muda na kupunguza saa, mambo ambayo kwa wanawake yanakuja na mtoto. Hakuna mahali akili ilipopungua.

Halafu akatoa mfano wa wafamasia wa Marekani. Zamani wengi walikuwa na maduka yao, mwenye duka hawezi kuondoka. Leo wengi wameajiriwa, historia ya dawa za mteja iko kwenye kompyuta, mfamasia yeyote wa zamu anaendelea alipoishia mwenzake. Matokeo yake wanalipwa vizuri na pengo la wanawake na wanaume kwenye malipo ya saa ni dogo sana. Hakuna aliyewahubiria wanawake wajiamini. Ilibadilika namna kazi ilivyopangwa.

Kwa hiyo binti akiniuliza achague nini, simwambii atafute anachokipenda. Namwambia aangalie kama kinakabidhika.

Mimi niliacha. Sijuti. Lakini nitasema jambo ambalo sijamwambia hata mume wangu: naikosa ile saa nane ya usiku, pande mbili zimegombana wiki tatu, halafu unaandika sentensi moja yenye koma mahali pake na wote wanainua vichwa wanasema "hapo sawa". Sijapata kitu cha kuziba hilo pengo. Nina usingizi sasa, nina watoto wanaonijua, na nina hilo pengo.

NusuKaputi

Mtoro, umenishika pabaya na nakubali. Nilikuwa nasimulia kana kwamba nilijiokoa kwa ushujaa. Ukweli ni kwamba nilipohamia nilikuta watu walishagombana na utawala miaka mingi kabla yangu mpaka ratiba ikawa yao. Nilikalia kiti walichokichonga wengine. Wengi wao walikuwa wanawake, na wawili walishaondoka kabla hawajakikalia.

Hilo pengo lako usiliite kosa. Sijui nikushauri nini.

MtambuziWaMitambo

Mimi mhandisi, nasimamia zamu kwenye mtambo. Naomba tusiimbe sana raha ya saa nane za usiku. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa matokeo mwaka 2021: wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki hatari yao ya kiharusi ni kubwa kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na wanaofanya saa 35 mpaka 40. Vilima ni vizuri. Mishipa ya kichwa nayo ina kikomo.

Na kwa mwanamke zile 55 ni za ofisini tu. Za nyumbani hazina karatasi ya mahudhurio.

Jabali77

Sasa ndiyo nilichokuwa nauliza toka mwanzo. Mtoto akiumwa usiku, anaamka nani?

NusuKaputi

Anaamka asiye na zamu kesho yake. Kwetu hiyo nayo iko kwenye ratiba, imebandikwa mlangoni, na mume wangu ndiye aliyeibandika. Haikuanza hivyo, tulishanuniana mwaka mzima. Nilikuwa nikitoka kuokoa roho za watu, nafika mlangoni naulizwa soksi ziko wapi. Arlie Hochschild, mwanasosholojia wa Marekani, mwaka 1989 hali hiyo aliiita zamu ya pili. Zamu ya kwanza nilikuwa bingwa, ya pili nilikuwa kibarua, na ya pili ndiyo iliyonichosha. Siku niliyosema sina nguvu ya kusimamia tena, hata kukumbusha, ndipo mzee akaanza kukumbuka mwenyewe. Soksi zake huwa hazilingani siku hizi. Hakuna aliyekufa.

Jabali77

Sawa. Niseme na mimi basi, ingawa mtanicheka.

Mke wangu anafanya kazi ya programu za kompyuta, kampuni kubwa, ananizidi mshahara. Nimesoma huu uzi toka jana nikiwa nimekaa naye chumba kimoja. Leo asubuhi nikamwuliza, hivi kule kazini ni kitu gani hasa unachokifanya? Akanitazama muda mrefu. Akasema miaka saba tuko pamoja, huwa unaniuliza narudi saa ngapi.

Kisha akanieleza dakika arobaini. Sikuelewa hata robo. Lakini ile sura niliyosema imekauka, sikuiona.

Sijabadili msimamo kuhusu familia, mnielewe. Naripoti tu.

BiMahesabu

Ripoti imepokelewa. Mkaguzi hana hoja.

Chipukizi_Wa_Kwanza

Shikamooni dada zangu. Mimi namaliza chuo, nina barua mbili za kazi mkononi. Moja inalipa sana, watu wanasema inakausha. Nyingine inalipa wastani. Naogopa kuchagua pesa nikaonekana nina tamaa, naogopa kuiacha nikajuta. Nifanyeje?

NusuKaputi

Marahaba mdogo wangu. Tamaa weka pembeni, kijana wa kiume mwenye barua hizo mbili angeshaitisha sherehe.

Kabla ya kusaini omba kuongea na mwanamke aliyekaa pale zaidi ya miaka mitano. Wakikwambia hayupo, umeshapata nusu ya jibu. Akiwepo, usimwulize kama anaipenda kazi, atakujibu kwa adabu. Mwulize ratiba ya mwezi ujao anaijua? Mara ya mwisho alipougua, nani alishika kazi yake, na aliporudi aliikuta imefanywa au imelundikwa mezani? Bosi akikosea hadharani, kuna anayemwambia? Halafu mwombe akusimulie siku moja nzuri kazini. Hapo nyamaza. Mtu mwenye siku nzuri haimchukui sekunde tano kuikumbuka, na akianza kusimulia mikono nayo inasimulia. Akianza kukutajia bima na marupurupu, mshukuru uondoke.

Na ukichagua ile inayolipa sana kwa sababu inalipa sana, nenda kifua mbele. Weka akiba mapema ya miezi sita ya maisha yako, usiiguse. Mimi miaka ile sita nilikaa kwa sababu sikuwa na akiba. Mwenye akiba akiambiwa hujajitoa, anaweza kujibu.

MwanasheriaMtoro

Hiyo ya akiba ipigiwe mstari mwekundu. Mimi ndiyo iliyonitoa.

Chipukizi_Wa_Kwanza

Asanteni sana. Huyo mwanamke wa miaka mitano nimeshamtafuta, kaniambia nipige Jumapili kwa sababu siku nyingine hajui atakuwa wapi.

MtambuziWaMitambo

Mmmh.

NusuKaputi

Mpigie hivyohivyo Jumapili, umsikilize mpaka mwisho. Kuna wanaoishi hivyo na wanapenda. Ila umesikia.

Mliouliza inboksi kuhusu yule binti wa usaili: alama zake nimeshaandika. Lile swali nimelipiga mstari kwenye karatasi yangu, sikulipa alama, na chini yake nimeandika kwamba wanaume wanne hawakuulizwa. Karatasi inakwenda kwa mwenyekiti leo, na mwenzangu ataiona. Tutanuniana kidogo kwenye korido.

Saa moja kasoro robo sasa. Wa kwanza leo ni mtoto wa miezi mitatu, ngiri. Naweka simu kabatini, nitajibu wengine jioni.